Siku Nilipouona Ubongo Ukiota

Kariakoo, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Felista,

Siwezi kuanza barua hii kwa kukuuliza hali, maana bado hujaondoka. Umekwenda Ilala kumuaga shangazi yako, sanduku lako liko hapa limefungwa kamba, na mimi nimekaa juu ya kitanda chako kwa sababu ndicho kilicho karibu na dirisha. Kesho treni itakuchukua mpaka Mwanza, na meli ya ziwani itakufikisha Kampala ukasomee udaktari. Nikilitaja neno hilo uani, wapangaji wenzetu hunyamaza kidogo, kama mtu mkubwa amepita.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kunywa, ya misa ya Jumapili na ya vijana wa huko nimeshakuambia, na mengine ulinimalizia wewe mwenyewe kabla sijafika mwisho. Sitayarudia. Nataka kukueleza jambo ambalo kwa miaka sita nimekuwa nikilikaribia na kulikimbia. Unajua kwamba naosha vyombo vya maabara hospitalini. Unajua kwamba mjomba wako Damiani ana kifafa, na kwamba mkono wake wa kushoto uliungua zamani. Usichokijua ni jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana, na mimi nilikuwa wapi.

Nianzie kwetu Mahenge. Nilikuwa na miaka kumi na sita na Damiani alikuwa na tisa. Kule kwetu kifafa hakikuwa kitu cha kusikia kwa jirani; kila ukoo ulikuwa na wake. Tangu nilipoanza kuelewa maneno niliambiwa: mtu akianguka, usimguse. Povu lake likikupata, na wewe utaanguka. Mgonjwa ana kibakuli chake, ana mkeka wake, ana mahali pake karibu na mlango. Damiani alianza kuanguka alipokuwa na miaka saba, na tangu siku hiyo nikawa namsogezea chakula kwa mguu. Kwa mguu, Felista. Yeye alikuwa akicheka, akidhani ni mchezo, na wakati mwingine na yeye alinirudishia kibakuli kitupu kwa mguu wake.

Siku alipoungua, bibi yako alikuwa shambani na mimi nimebaki napika. Damiani alikaa mbele yangu ananisimulia habari ya panya buku aliyewatoroka yeye na wenzake, na katikati ya neno akanyamaza. Akaangukia jikoni. Mkono wake wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa msichana mwenye nguvu. Nilikuwa nikipanda kilima na mtungi kichwani bila kuushika. Niliona anatetemeka, nikaona povu mdomoni mwake, na nikasimama. Nilipiga kelele, ndiyo. Watu wakaja mbio, na wao wakasimama. Tukawa tumesimama pale, watu wazima na akili zetu, tunamtazama mtoto anaungua. Aliyemtoa ni bibi yako. Alisikia kelele akiwa shambani, akaja anakimbia na jembe mkononi, akalitupa, akamvuta kwa miguu yote miwili. Alipokwisha kumfunga mkono kwa majani ya mgomba akanitazama. Hakunipiga. Laiti angenipiga.

Baada ya hapo niliolewa na baba yako, nikaja naye huku Dar es Salaam alipopata kazi bandarini, nikakuzaa wewe, nikamzika yeye. Hayo unayajua. Unajua pia kwamba masista walionifundisha kusoma ndio walioniandikia barua ya kuombea kazi hospitalini, nikawekwa kwenye chumba cha nyuma cha maabara, kwenye sinki la kuoshea vioo.

Maabara ile ilikuwa na watu wawili juu yangu. Mkubwa alikuwa Dokta Fonseka, Mgoa mmoja mwembamba aliyekuwa akikaa Upanga na mama yake, mtu wa sauti ndogo, Kiswahili chake alikiokota dukani kwa baba yake alipokuwa mtoto. Wa pili alikuwa Mzee Salumu, Mzaramo wa Mchafukoge, msaidizi wake, aliyekuwa na miaka mingi katika kazi ile kuliko daktari mwenyewe. Mzee Salumu alikuwa na mikono ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Angeweza kumtoa jogoo damu kwenye mshipa wa bawa na jogoo asijue.

Jogoo, ndiyo. Kazi yangu ya Jumatatu ilikuwa kupita sokoni kabla ya kwenda kazini na kununua mayai yenye mbegu, yaliyotagwa na kuku waliokaa na jogoo. Niliyachukua kwa Bi Tatu, yule muuza kuku mwenye sauti. Kila mara aliniuliza mbele ya watu, "Mama Felista, mayai yote haya, unaatamia wewe mwenyewe?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, maana hata mimi sikujua yanakwenda kufanya nini. Nilijua yanawekwa kwenye sanduku la joto kwa siku kadhaa, halafu Dokta Fonseka na Mzee Salumu wanajifungia kwenye chumba kidogo wakiwa wamefunga vitambaa mdomoni. Miezi mingi nilidhani wanatafuta dawa ya ugonjwa wa kuku.

Kilichonihusu mimi kilikuwa vioo. Dokta alinionyesha siku ya kwanza, akafanya mwenyewe mbele yangu kwa mikono yake. Sabuni na brashi. Halafu suuza kwa maji ya bomba mara kumi. Halafu suuza kwa maji ya mvuke mara tatu, yale yaliyochemshwa yakawa moshi na moshi ukageuzwa maji tena, yasiyo na kitu ndani yake hata chumvi. Halafu kwenye tanuri. "Sabuni kidogo sana, mama," aliniambia, "kidogo hata jicho haioni, inaua." Sikumuuliza inaua nini. Nilisuuza mara kumi na mara tatu kila siku kwa karibu mwaka mzima, na nilikuwa nahesabu kwa sauti kama mtu anayesali rozari.

Unakumbuka siku niliyokuambia bibi amefariki? Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Barua ililetwa asubuhi na kijana wa kwetu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Niliisoma nimesimama penye sinki. Binamu yetu ndiye aliyeandika. Alisema mama amezikwa, na kwamba Damiani yuko kwenye kibanda cha kulindia ngedere mwisho wa shamba, kwa sababu hakuna nyumba iliyomtaka. Niliikunja nikaiweka kifuani. Halafu nikaosha vioo. Siwezi kukuambia nilisuuza mara ngapi. Najua tu kwamba nilipofika mwisho sikuwa nimehesabu, na nikasema moyoni, vinang'aa, basi.

Siku tatu baadaye Dokta Fonseka alitoka kwenye chumba kidogo, akavua kitambaa mdomoni, akakaa kwenye kiti cha wageni. Kila walichokuwa wamekiweka kimekufa. Wakarudia kwenye vioo vingine vilivyooshwa siku ile ile, vikafa tena. Kazi ya wiki nyingi ilikuwa imekwenda. Dokta hakuwa mtu wa kufoka. Alimwambia Mzee Salumu polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Salumu, nafikiri mikono yako imechoka." Akafungua kasha la vioo vipya ambavyo havijapita kwangu, akafanya kila kitu peke yake, na safari hii havikufa. Basi ikawa imethibitika. Mzee Salumu akahamishiwa meza ya mbele kupima choo cha wagonjwa, na mimi nikaendelea kuosha.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Usinifikirie vizuri kwa kudhani kwamba nilikuwa na shaka. Nilijua, nikajiambia mimi ni mjane na nina mtoto wa shule, na yeye ni mwanamume, mzee wa kazi, hawatamfukuza. Nilikuwa na sababu nzuri sana, Felista. Nimegundua kwamba uoga wangu haukukosa sababu nzuri hata siku moja.

Siku ya kumi na moja tangu alaumiwe niliingia chumba cha nyuma nikamkuta Mzee Salumu kwenye sinki langu. Amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, anajisugua kwa brashi yangu ya vioo. Ngozi ilikuwa imekwisha kuchubuka. Alikuwa anasugua katikati ya vidole, kidole kimoja kimoja.

Nikasema, "Mzee Salumu, si mikono yako."

Hakugeuka. "Unasemaje, Mama Felista?"

"Si mikono yako. Ni mimi. Siku ile sikusuuza."

Akafunga bomba. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile uliyolaumiwa."

"Siku kumi na moja," akasema. "Mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi sili kwa mkono. Nakula kwa kijiko, Mama Felista, ndani ya nyumba yangu, kama mgeni. Niliamini ni kweli mikono yangu ina kitu."

Akajifuta, akatoka. Nilimfuata daktari nikamweleza yote, habari ya barua, habari ya kutohesabu, na zile siku kumi na moja. Nilikuwa nimekwisha kuvua aproni na kuikunja, nikiijua hatima yangu.

Dokta Fonseka aliitazama ile aproni. Halafu akasema, "Mama, wewe umeua kitu hujaona. Hiyo si haki. Njoo uone kwanza."

Akanifunga kitambaa mdomoni kwa mikono yake, akanipeleka kwenye chumba kidogo. Kulikuwa na joto kama la chini ya kuku anayeatamia. Akachukua kutoka kwenye sanduku kipande cha kioo kilichochimbwa katikati kama kibakuli kidogo, na juu yake kioo chembamba kilichobandikwa kwa nta, na chini ya kile kioo chembamba lilining'inia tone moja. Ndani ya tone, akaniambia, kuna punje ya ubongo. Ubongo wa kifaranga ambaye alikuwa bado hajaanguliwa. Wameukata vipande vidogo kuliko punje ya chumvi, wakauweka kwenye maji ya damu ya jogoo ili upate chakula, na unaishi.

Nilisema, "Unaishi bila kifaranga?"

"Bila kifaranga. Leo siku ya tano. Tazama."

Akanikalisha mbele ya darubini. Mwanzoni sikuona kitu ila kope zangu mwenyewe. "Usitafute," alisema. "Acha jicho izoee." Nikaacha. Ukaja mwanga wa manjano. Halafu katikati ya mwanga kikatokea kitu cheusi kama kisiwa. Halafu, kutoka kila upande wa kisiwa kile, nikaona nyuzi.

Felista, nimejaribu mara nyingi kukueleza na nimeshindwa, ukadhani mama yako amechoka. Zilikuwa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zimenyooka, zimepinda, moja inagawanyika inakuwa mbili, na zinatoka nje ya kisiwa kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na kila uzi, mwisho wake, ulikuwa na kitu kama kiganja cha mtoto mchanga, kina vidole vidogo, na kile kiganja kilikuwa kinapapasa. Nilidhani ni jicho langu linatetemeka. Nikashika meza kwa mikono miwili, nikatulia, nikahesabu mpaka mia. Kilikuwa kinapapasa. Kinatoa kidole kimoja, kinakirudisha, kinatoa kingine upande wa pili, na kila baada ya muda uzi mzima umesogea mbele kidogo, kidogo sana, kama kivuli cha jua ukutani.

Nilifanya ishara ya msalaba bila kuondoa jicho. Nilisikia nywele zimenisimama. Kila yai nililolibeba kwenye kikapu kutoka kwa Bi Tatu, huku nikichekwa, lilikuwa na hii ndani yake. Na Bi Tatu alikuwa nayo, na mimi nilikuwa nayo nyuma ya jicho lile lile nililokuwa nikitazamia.

Nikauliza, "Inawaza?"

Dokta hakunicheka. "Hapana. Kidogo mno. Haiwazi, haisikii maumivu. Inaota tu."

Neno hilo ni moja, la mche na la usingizi, na sikuthubutu kumuuliza alikuwa na maana ipi.

"Inapapasa nini?"

"Mwenzake," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Kila moja inatafuta mwenzake, ipate kumpelekea habari."

Kisha akaondoa kioo kile akaweka kingine. "Na hii ya sabuni." Kisiwa kilikuwepo. Nyuzi zilikuwa zimekatikakatika, zimebaki nukta nukta, kama nyayo za mtu aliyeishia njiani.

Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi ile, yeye daktari wa watu. Akasema kila wiki wanamletea watoto wenye homa na degedege, na wengine wanakufa mikononi mwake, na akiwapasua anaukuta ubongo umekwisha kunyamaza. "Nimesoma ubongo wa maiti miaka kumi," alisema. "Kama kusoma barua imeungua. Nataka kuona ikiwa hai, niiguse na kitu kinacholeta ugonjwa, nione inaumia wapi."

Hapo ndipo lilipotoka swali ambalo lilikuwa limekaa kooni mwangu tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimuuliza kuhusu kifafa. Akaonyesha darubini. "Ni nyuzi hizo hizo. Siku zote zinapokezana, moja inasema, nyingine inasikia. Kwa mtu wa kifafa, mara nyingine zinapiga kelele zote pamoja. Mwili haijui imsikilize nani. Inaanguka."

"Na povu?"

"Povu ni mate, mama. Hajaweza kumeza."

"Haliambukizi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kama kivuli kinaambukiza. "Mate? Kifafa?" Akatikisa kichwa. "Nani alikuambia?"

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya jengo penye matangi ya maji, nikakaa chini. Hatua mbili, Felista. Mate.

Hakunifukuza. Alinirudishia aproni yangu na akamrudisha Mzee Salumu mahali pake, na akamwomba radhi mbele yangu na mbele ya wauguzi wawili. Mzee Salumu alipokea radhi ya daktari. Yangu aliisikia, akasema, "Nimesikia," na kwa miezi miwili baada ya hapo akawa ananijibu salamu na si zaidi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kusema kweli hakumlazimishi mtu akusamehe siku hiyo hiyo.

Nilikwenda Mahenge likizo yangu ilipofika. Treni mpaka Kilosa, lori mpaka Ifakara, kivuko, kisha mlima kwa miguu. Wewe nilikuacha kwa shangazi yako. Nilimkuta Damiani kwenye kile kibanda, mtu mzima mwenye ndevu, anasuka kamba kwa mkono mmoja na vidole viwili. Aliponiona akasimama, akasogea nyuma ili nipite bila kumgusa. Hivyo ndivyo alivyozoea kuwasalimu watu. "Shikamoo, dada," alisema kutoka mbali.

Nilimfuata, yeye akarudi nyuma tena, mpaka ukuta wa kibanda ukamzuia. Nikamshika ule mkono. Ulikuwa mgumu, laini mahali pengine kama ganda la yai, na vidole vitatu vimeshikana. Alitetemeka nikadhani anaanguka. Hakuwa anaanguka. Alikuwa hajashikwa na mtu tangu mama alipokufa.

Haya mengine uliyaona kwa macho yako. Uliona baba mwenye nyumba alivyosema hataki kifafa kwenye nyumba yake, na jinsi Dokta Fonseka alivyokuja mwenyewe hapa Kariakoo, na viatu vyake vyeupe kwenye matope yetu, akakaa kwenye benchi uani na kuwaeleza wapangaji wote kuhusu mate. Uliona vile vidonge vyeupe alivyoandikiwa. Damiani aliyekuwa akianguka kila wiki siku hizi anaanguka mara chache kwa mwaka, na katikati anasuka vitanda vya kamba ambavyo watu wanavifuata kutoka Magomeni. Hakupona. Nakuambia hivyo kwa sababu utakuwa daktari, na daktari huyo niliyemwona mimi hakupata alichokuwa akikitafuta kwenye yale matone. Alihamishwa, lile sanduku la joto sasa wanaweka vitu vingine, na sijui kama kuna mtu mwingine aliyeendelea na kazi ile mahali popote. Lakini mimi niliona kwamba kitu kinachotufanya tuwe watu kinaweza kukaa ndani ya tone moja, na kinataka mwenzake. Wengine wanafika uzeeni bila kuonyeshwa.

Niliona mara ya pili pia. Baada ya ile miezi miwili, Mzee Salumu alikuja mlangoni pa chumba cha nyuma asubuhi moja, kitambaa kikiwa mdomoni, akasema, "Mama Felista, njoo utazame." Walikuwa wameweka punje mbili ndani ya tone moja, mbali kidogo moja na nyingine. Nilitazama. Uzi wa huku na uzi wa kule zilikuwa zimekutana katikati, na penye kukutana hungeweza kusema huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Nilimpisha naye atazame tena, ingawa alikuwa amekwisha kutazama. Tukawa tunapishana hivyo, yeye na mimi, bila maneno, mpaka Dokta alipotuambia kioo kinapoa.

Sasa nimefika mahali penye uzito, na naona jua limeondoka dirishani. Niandike kabla hujarudi.

Mlo wa kwanza Damiani alipofika hapa, niliweka sinia katikati. Yeye akatoa kibakuli chake kwenye mzigo, akaenda kukaa mlangoni. Wewe uliuliza, "Mama, kwa nini mjomba anakula mlangoni?" Na kabla sijajibu ukachukua tonge lako ukaenda kukaa naye. Hakuna aliyekufundisha. Wiki hiyo hiyo uliniuliza mkono wake uliungua vipi. Nikakuambia aliangukia moto akiwa mdogo. Ukauliza, "Nani alikuwa naye?" Nikasema, "Bibi yako."

Nilimsingizia marehemu, Felista. Yule aliyetupa jembe akakimbia ndiye niliyemweka pale penye kosa langu, na wewe ukakua ukiamini bibi yako alisimama akatazama. Mara moja nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba wazee wa zamani walikuwa wajinga, bibi yako alimwacha mtoto wake aungue. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua. Hapo nilikuwa nimekwisha kujifunza kwa Mzee Salumu, unaona? Kujifunza jambo mara moja hakukunitosha.

Basi Jumapili iliyopita, ulipokuwa kwaya, nilimwambia Damiani kwamba nitakuandikia kweli. Alikuwa uani, ameibana fremu ya kitanda kwa magoti, anakaza kamba kwa meno. Niligundua wakati huo kwamba hata yeye sijawahi kumwambia. Mtu mwenye kifafa hakumbuki alivyoanguka. Alikuwa na miaka tisa. Nilimweleza yote, hatua mbili, mtungi, povu.

Akaachia kamba. "Najua, dada," alisema. "Mama aliniambia kabla hajafa."

"Kwa hiyo nilipokuja kukuchukua ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Miaka sita umekaa ndani ya nyumba yangu unajua, na hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikamuuliza kama anajua pia nilichokuambia wewe kuhusu mama. Akachukua kamba, akaipitisha, akaikaza. "Siku hiyo nilikuwa hapa hapa, dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia."

"Mama yetu anasingiziwa, Damiani, na wewe unasikia. Kwa nini hukusema?"

Akafikiri. Unamjua, hajibu upesi. "Felista alikuwa mtoto," alisema. "Na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umejifunza kunishika."

Nakusikia mlangoni unampigia hodi mama wa chumba cha mbele. Nitaitia barua hii kati ya nguo zako, chini kabisa, uikute Kampala na si kwenye treni, usije ukarudi njiani. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kikamilifu, kisha uniandikie. Na bibi yako umwombee kwa jina lake, Maria Likwelile, aliyekimbia.

Ni mimi niliyekuzaa,

Mama yako, Anjelina